Uso Si Sufuria

Saa kumi na mbili alfajiri, Ulaanbaatar bado giza.
Moshi umelalia mabonde
kama mtu aliyegoma kuamshwa.
Kipimajoto cha mlangoni: hasi thelathini na moja.
Nami, Temuulen, muuza makaa kwa gunia,
nainamia kioo cha kunyolea
kuhesabu waliowasili usiku.

Watatu kidevuni.
Mmoja puani, kichwa cheupe, mgeni wa kilemba.
Chunusi wa hadithi huvuta waogeleaji majini.
Hawa wangu hawangojei mto;
mto Tuul umeganda tangu Novemba.

Nieleze nani ngozi hii:
paji la uso lingeweza kukaanga yai,
mashavu yamechanika kama tope la bwawa lililokauka.
Mafuta na ukame, nyumba moja, hawasalimiani.

Nilipigana nayo.
Sabuni ya mche, maji ya birika yanayochoma,
kitambaa cha katani, sugua, sugua,
kisha spiriti, ikawaka kama tusi.
Dakika tano nilikuwa safi.
Nikafungua mlango wa hema,
upepo ukanipokea kwa makofi.

Bibi akasema: mkia wa kondoo.
Akayeyusha mafuta kwenye kijiko juu ya jiko la chuma,
akanipaka kwa kidole gumba, polepole,
akiwataja waliovuka jangwa kwa mafuta hayo
na nyuso zao zikafika nzima.
Ningemkatalia vipi?
Siku ya nne shavu la kushoto lilikuwa kijiji,
na kijiji kina sherehe.

Moshi una baraka moja: barakoa.
Mji mzima umefunika pua,
nani ajue kilicho chini?
Nomundari hununua magunia mawili kila Jumanne.
Ananijua macho tu.
Nami naihofu Machi
kama wengine wanavyoihofu Januari.
Wakati huo pumzi yangu inalowesha kitambaa,
kitambaa kinapika kidevu,
na ninachokificha, ninakilea.

Dada yangu Solongo anauza katika duka la dawa.
Alinikuta nikisugua. Akaninyang'anya kitambaa.
"Uso si sufuria, Temuulen.
Unatoa masizi, au unajitoa mwenyewe?"

Maji ya uvuguvugu, asubuhi na usiku, basi.
Vidole visivyo na hasira.
Krimu nyepesi, ngozi ikiwa bado na unyevu,
isiyoziba vinyweleo.
Dawa yenyewe kiasi cha punje ya dengu,
usiku mmoja ndiyo, usiku mmoja hapana.
Barakoa ifuliwe. Makucha yakae mfukoni.
"Wiki nane," akasema.
Wiki nane! Makaa yangu huisha kabla ya jogoo.

Wiki ya kwanza nilibambuka.
Ya pili nilimtukana Solongo kimoyomoyo.
Ya tatu nilitumbua kimoja, nikajuta siku tisa,
alama yake ipo, hapa, chini ya jicho.
Na bibi, kila jioni, na kijiko chake,
akinitazama kama mtu aliyefungiwa mlango.

Basi nikampa mikono.
Mikono yangu ya makaa, viganja vilivyopasuka damu.
Akaijaza mafuta ya kondoo mpaka viwiko,
akaimba kitu bila maneno.
Asubuhi ngumi ilikunjika bila maumivu.

Jumanne moja Nomundari alishusha barakoa anywe chai.
Kidevuni, wawili wekundu, mmoja mkavu.
Hatukusema kitu.
Nikaongeza koleo moja kwenye gunia lake, nisiandike.

Sasa ni mwezi mweupe, mwaka mpya.
Nimeshika viwiko vya bibi kwa heshima,
naye ananusa shavu langu, la kulia, la kushoto,
ananusa tena, anakunja pua:
"Unanukia duka la dawa."
Kisha anabaki hapo, shavu juu ya shavu,
muda mrefu kuliko desturi.