Dhiraa Mbili na Shibiri

Shekuwe bati kaleta,
vizibo vya kuokota.
“Chora kwanza, ndipo kata,”
namwambia darasani.

Achora gari la punda,
pana kuliko kitanda.
Nauliza: “Litakwenda
vipi, kwenu Mkomani?”

Hakujibu. Kainama.
Rula yetu ya kupima
imevunjika, si nzima;
kakopa kamba dukani.

Jioni kamba avuta
ukuta hadi ukuta;
dhiraa mbili kapata
na shibiri, mlangoni.

Lile gari kaliacha:
shogi la gunia pacha!
Uzi umekata kucha,
wino ungali shavuni.

Dawati tukalivika;
mawe, pu! Likaanguka.
Darasa zima lacheka,
naye yumo kichekoni.

Nilitaka kumfaa;
kalamu ameshatwaa.
Basi kimya nikakaa,
mikono i mfukoni.