Gauni la Siwazuri

Siwazuri, gauni lako bado liko Magomeni.
Kifua thelathini na sita, kiuno ishirini na nane:
vipimo nimevichanja pajani, daftari liliota ukungu.

Kitambaa kiliisha Mfungo Sita.
Nikaanza na ngozi ya tumbo:
laini, haichuji, inapokea sindano.
Vifungo ni kucha.
Zilidondoka zenyewe, wallahi sikuzing'oa.

Jirani analalamikia harufu.
Namwambia ni mtaro, ni joto la Machi.
Luku imeisha tangu Jumatatu
na cherehani inakwenda,
inakwenda,
mguu haupo kwenye pedeli,
mguu upo kwenye pindo.

Njoo ujaribu, usinilipe.
Ulisema Ijumaa, hukusema ipi.
Umebaki mkono mmoja tu, wa kulia.

Ndio huu ninaoshonea.