Swali la Nne

"Jadili dhamira ya upweke
kwa hoja tatu kutoka kila riwaya
kati ya riwaya mbili ulizosoma." Alama ishirini.

Zimebaki karatasi kumi na saba.
Umeme umekatika Isevya tangu magharibi;
nimewasha kandili, na chini ya mwanga wake
wino mwekundu hautofautiani na mweusi.

Wote wanajua upweke una sababu tatu.
Kwanza kufiwa. Pili kutengwa. Tatu, mji.
Na mwishoni: "Hivyo basi, jamii haina budi..."
Ni mimi niliyewafundisha.
Niliuandika ubaoni, nikaupigia mstari,
nikasema mtihani unautaka hivi.
Hakuna aliyeuliza kama nimewahi kuonana nao.

Sasa hii ya Luhende Mihayo,
kijana wa dawati la nyuma
ambaye kila likizo hurudi akinuka moshi.
Hakutaja riwaya hata moja.

*Baba yangu huingia pori la Ipole masika yakikatika,*
*na baiskeli, unga debe moja, chumvi, shoka.*
*Wiki ya kwanza huimba akipanda kwenye mizinga.*
*Wiki ya tatu haimbi.*
*Anasema nyuki humtambua aliye peke yake*
*na aliye mpweke.*
*Wa kwanza humwacha achukue asali yake.*
*Wa pili humwandama, kwa kuwa jasho lake linaita.*
*Akirudi hukaa uani siku mbili*
*kabla ya kuvuka kizingiti.*
*Mama humpelekea ugali palepale, hamsemeshi.*
*Nilipokuwa mdogo nilidhani wamegombana.*
*Siku hizi najua walikuwa wanaisubiri sauti yake.*
*Mwili umekuja kwa baiskeli,*
*sauti inatembea kwa miguu.*
*Samahani mwalimu, muda umeisha.*

Mwongozo wa usahihishaji uko mezani, una doa la chai.
Kutaja riwaya: alama mbili.
Kila hoja yenye mfano kutoka kitabuni: alama tatu.
Asiyetaja kitabu hana pa kusimamia.

Nimesoma wapweke wengi.
Wana dirisha, wana mvua inayojua saa ya kunyesha,
wana barua itakayookotwa na mtu ukurasa wa mwisho.
Hata anayekufa peke yake chumbani
anakufa mikononi mwangu, nimeshika jalada.
Mpweke wa kitabuni ana bahati ile moja.

Na mimi, mtoto wa Kasulu niliyeletwa huku kwa barua ya uhamisho,
nina sahani mbili; moja haijawahi kulowa.
Napima mchele kwa kikombe kisicho na mkono.
Leo Jumapili. Tangu Ijumaa nimetamka maneno manne tu,
kwa muuza mkaa:
"Hiyo chenji baki nayo."

Nikaijaribu. Nikasoma jibu la Luhende kwa sauti,
ndani ya chumba, kwa kandili na mjusi.
Mistari ya mwanzo ilikwaruza kama bawaba.
Nilipofika pale uani nikakohoa, nikarudia.
Mbali kule stesheni treni ya Kigoma ikapiga honi,
ikaondoka na watu wake waliolala wameegemeana,
wengine hata hawajuani.

Nikaandika pembeni: *Riwaya ipi?*
Nikafuta.
Nikaandika: *Alifika siku ya ngapi?*
Hilo sikulifuta, ingawa si la kwenye mwongozo.
Kisanduku cha alama nimekiacha kitupu.
Kesho mkuu wa idara ataniuliza,
nami sijui nitamjibu nini.

Karatasi inayofuata ni safi, ina mwandiko wa kulala,
kila aya imeachiwa nafasi.
Inaanza: "Upweke ni hali ya mtu kuwa peke yake."

"Hapana," nikasema.
Mjusi akageuza kichwa.