Kitufe cha Pili

Mwezi wa tatu tuliagiza wawili,
Wamono na mimi, kwenye meza ya kioo
kule eneo la viwanda, Kampala,
Ssemwanga akitutandazia rangi kama mwuza vitenge:
nyeupe ya lulu, fedha, nyekundu iliyoiva.
Pikapu ya milango minne, dizeli,
iundwe ng'ambo kwa jina letu,
isije na joto la makalio ya mgeni.
(Hilo la makalio alilisema Wamono.
Ssemwanga alicheka mpaka kalamu ikamdondoka.)

Akachagua fedha. Mimi nikanyamaza;
ndoa ya miaka ishirini na mbili
ina rangi nyingi za kunyamazia.
Akachagua na kiti cha dereva chenye kumbukumbu:
bonyeza moja, kinamfuata mtu wa kwanza,
bonyeza mbili, kinamfuata wa pili.
"Wewe mfupi, mimi twiga," akasema,
"bila hiki tutagombana kila asubuhi."

Mwezi wa tano tulimzika Budadiri,
mvua ikishuka kutoka Masaba kana kwamba inadaiwa.

Mwezi wa sita nikapiga simu.
Rangi. Badilisha. Nataka kijani,
kijani cha jani la kahawa lililokomaa, si chipukizi.
Ikawezekana; laki tisa.
Nikapiga tena: toa dirisha la paani,
mimi nabeba magunia, sihesabu nyota.
Ikawezekana, ila hela haikurudi.
Nikapiga tena: niwekeeni ndoano ya tela.
Ssemwanga akahema,
akasema zimebaki siku nne kiwanda kifunge orodha,
na orodha ikifungwa, Mama Khainza, hata mimi...

Siku ya tano nikapiga.
"Kile kitufe cha pili. Kitoeni."
Kimya. Nikasikia feni yake ikizunguka.
"Chasi imeshapigwa namba, mama.
Na kitufe hakitolewi peke yake:
kimekuja na kiti, kiti kimekuja na nyaya,
nyaya nazo... Maji yameshamwagika."
Nikamwambia hayo ni maji. Mimi nasemea kitufe.
Nitalipa. Wakizibe kwa plastiki.
Waweke chochote hapo, saa, nembo ya kanisa.
Akauliza polepole,
kama mtu anayekanyaga saruji mbichi:
"Kwani mzee hakitaki tena?"

Sikuwa nimemwambia.
Rangi, paa, ndoano, simu zote zile,
sikuwa nimemwambia.

Iliingia kupitia Malaba mwezi wa kumi,
vumbi la Kenya milangoni, nailoni bado kwenye viti.
Niliiendesha mwenyewe kutoka Kampala,
Mabira, daraja la Jinja, Iganga,
sikufungulia redio,
mpaka mwamba wa Wanale ukajitokeza.
Kijani, ndiyo. Watu wa Mbale wanasema
nimenunua gari la idara ya misitu.
Waseme.

Kitufe cha kwanza ni mimi:
goti karibu na usukani, mgongo wima.
Cha pili nilikibonyeza usiku mmoja nje ya ghala.
Kiti hakikusogea. Hakikumjua mtu.
Walikileta kitupu kama daftari la Januari.

Basi nikakisukuma nyuma, nyuma zaidi,
nikakilaza kidogo, vile alivyokuwa akiketi
kusikiliza mpira na kiatu kimoja mguuni,
nikashikilia kitufe mpaka kikalia ti.
Miguu yangu ikaning'inia, haifiki breki.

Nilikaa hivyo hadi Wepukhulu, mlinzi,
alipogonga kioo kwa tochi
kuuliza kama gari limegoma.
Nikasema hapana.
Nikabonyeza moja.