Breki ya Pili

Gari langu la kufundishia lina breki mbili:
moja ya mwanafunzi, moja ya woga wangu.

Februari hii chuo kikuu kimenikodi,
mimi, gari, na mguu wangu wa kulia,
kwenye kiwanja cha ndege kilichokufa, nje ya Leeuwarden,
ambako majani yamepasua lami na kunguru ndio marubani.
Koni themanini na nne. Daktari Roelofsma na kalamu yake.
Wiebren, mwezekaji wa mapaa, kilo tisini, amejitolea.

Jumanne alinyweshwa jini, lile la kwenye chupa;
kufikia kilauri cha nne likampanda kichwani kama lile jingine.
Alinisalimu utadhani tumenyonya titi moja.
"Niko sawa kabisa," akasema. Sikuwa nimemuuliza.
Akaondoka joshi. Koni ya kwanza aliiangusha akacheka,
ya pili akaitukana,
ya tatu akasema imesogezwa.
Konani alinigeukia usoni
anisimulie anavyojua kuendesha.
Aliposhuka alijipa maksi mwenyewe: tisa kwa kumi.

Ijumaa wakampa bangi, msokoto mmoja mwembamba.
Akafunga mkanda. Akaukagua. Akaufungua, akaanza upya.
Tulikwenda kwa adabu ya watu wanaosindikiza jeneza,
usukani kaushika kama beseni la maji ya moto.
"Hiltje," akaninong'oneza, "hatukimbii mno?"
Penye bango la kusimama, alisimama.
Tukasimama.
Kunguru akatupita kwa miguu.
Nikamuuliza anangoja nini. Akasema, taa iwe kijani.
Hapakuwa na taa.

Nilicheka, sikatai,
mpaka daktari alipoisukuma mbele yetu ile sanamu ya mtoto.
Jumanne Wiebren aliiona, akaamua atawahi kupita.
Ijumaa aliiona, akaishangaa: "Koti jekundu, zuri,"
na mguu wake ukabaki pale pale
ukisubiri barua kutoka kichwani.
Siku zote mbili, mguu uliosimamisha gari ni huu wangu.

Kaka yangu Douwe huniambia, bangi haijampiga mtu mke.
Kweli. Baba alikunywa; nazijua sahani kwa sauti,
ile ya supu hulia tofauti na ile ya samaki.
Kesho yake alikuwa hakumbuki, na sisi tulikuwa tunafagia.
Douwe havunji kitu. Ana umri wa miaka hamsini na mbili,
majira tisa ya baridi sasa yuko mbioni kuziba paa la banda.
Mama alipoanguka chumba cha pili, alisikia kishindo.
Alidhani ni redio.
Hajampiga mtu, kaka yangu. Hajamwinua mtu pia.

Kwa hiyo msiniulize kipi afadhali.
Mmoja hujiona mzima naye hajiwezi,
mwingine hujua hajiwezi, akadhani kujua kunatosha.

Jumatatu watampa vyote viwili kwa pamoja.
Nimemwambia daktari nitakuja.
Jana nilipiga magoti nikasafisha pedali:
mpira wa breki yao bado una herufi za kiwandani,
wa kwangu umelika, laini kama sabuni ya mwisho wa mwezi.