Mlango wa Choo

Asubuhi ile niliamka na haja, Elsídia,
nikakuta bawaba mbili zinaning'inia
na choo chetu kiko wazi kama kinywa cha mpumbavu.
Nilidhani ni mwizi. Nikasema, mwizi gani huyu,
aache sufuria, aache kuku,
achukue mlango uliooza kwa chini?
Mlango ambao babu yako aliubeba mgongoni
kutoka nyumba ya meneja wa shamba la kakao,
mwaka Wareno walipoondoka.

San Benvinda ndiye aliyeniambia,
wala hakuniambia kwa upendo:
"Shuka ufukweni ukaone mlango wako unavyotembea."

Nilishuka na mwiko mkononi.
Beseni la samaki panzi nikaliacha juani,
nzi wakashukuru.
Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno:
kwamba bahari ya Sao Tome haina kazi na wasichana,
sisi inatulisha tukiwa nchi kavu, kwa kisu na chumvi;
kwamba mgeni yule wa mwaka juzi,
mwenye ubao mweupe kama jino,
alikaa siku nne, akauvunja mwambani, akaenda zake,
asiache kitu ila nusu ya ubao
na wavulana saba wanaougombea.

Wewe hawakukupa hata zamu moja.
Hilo sikulijua.
Sikujua ulikwenda kwa fundi Adérito kuazima randa
ukamlipa kwa mayai yangu.
Kumbe kuku hakuwa mgonjwa.
Sikujua mshumaa niliomwekea Mtakatifu Petro
uliusugua wote juu ya mbao, ili nyayo zishike.

Nikafika. Wavulana wakauona mwiko, wakatawanyika.
Ulikuwa mbali, kichwa tu, kama kifuu,
na nyuma yako maji yanainuka taratibu
jinsi mtu mzima anavyoinuka kitini akikasirika.
Nikafungua kinywa nikuite.
Wimbi likakufikia kwanza.

Ulilala kwa tumbo. Hapo niliwahi kufika.
Ndiyo, mimi.
Juu ya ubao wa sanduku la kakao,
hadi kifua kilipoanza kujaa, mama akasema basi,
na basi ikawa basi.
Lakini wewe ukapiga goti,
kisha goti halikuwepo tena,
umesimama juu ya mlango wangu wa choo,
mikono kama ya mtu aliyebeba
mabeseni mawili yasiyoonekana,
na kwenye tundu la ufunguo
maji yakaruka juu, membamba,
kama pumzi ya nyangumi mchanga.

Nilicheka. Mungu anisamehe,
nilicheka hadi nikakaa mchangani.

Ukatoka unatetemeka, macho kwenye mwiko.
"Mama, nitaurudisha."
Nikakuuliza: pale mwisho, ulipopinda, ulifanyaje?

Sasa chooni kwetu limetundikwa gunia.
Mvua ya upande ikija, tunalowa.
Anayeingia hukohoa, aliyemo hujibu kwa kukohoa,
na San Benvinda anatangaza sokoni
kwamba nyumba yetu ina kifua kikuu.
Mwache atangaze.
Bawaba nimeziweka kabatini.
Ufunguo, sijui kwa nini,
natembea nao.