Mfereji wa Heldur

Siku ya kwanza kazini sikupewa darubini.
Nilipewa nyundo, kopo la misumari
na ubao wa msonobari mrefu kuliko watu wawili.
"Beba," alisema Heldur, akatangulia.

Nilikuwa na shahada. Nilikuwa na ramani
zenye rangi kwa kila aina ya udongo.
Nilidhani mlinzi wa hifadhi ni mtu wa dubu na mbwa mwitu,
wa kusimama kileleni, upepo ukimchezea kofia.
Tuulesoo haina kilele.
Tuulesoo ni kinamasi, bapa kama sinia,
na misonobari yake yenye miaka mia mbili
hainifiki kiunoni.

Kazi niliyoikuta ni choo.
Choo cha wageni, kuzolewa kila Jumatatu.
Ni ubao uliooza, kibao kilichoibwa,
baba kutoka Tallinn anayeuliza mtandao uko wapi,
watoto wa shule arobaini na mmoja
kuhesabiwa wakiingia, kuhesabiwa wakitoka,
na yule wa arobaini na mmoja, Ott,
ameruka nje ya njia, amevua viatu,
ameshika mboji kwa mikono miwili:
"Inapumua!"
Sheria inasema nimkemee.
Nilimpangusa miguu.

Oktoba, Heldur alinionyesha mfereji,
mnyoofu kama rula, maji meusi
yakitoroka bila kelele kuelekea mtoni.
"Huu ni wangu."
Nikadhani anasema zamu yake.
"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili.
Serikali ile ilitaka kinamasi kikauke, kiote mbao.
Nikapewa mashine, baadaye nishani.
Nilichimba kilomita kumi na tisa."
Akaikaza kofia.
"Nilichimba vizuri."

Sasa tunaziba. Magogo, mboji, koleo,
kizuizi kila baada ya hatua hamsini,
mzee wa miaka sitini na mitatu
anaufukia ujana wake, koleo kwa koleo,
na mimi namshikia mbao.
Wapo wasemao maji yakimwagika hayazoleki.
Heldur hakuwasikia.
Alizoa.

Kuna bomba la kupimia, limesimama peke yake
kama bakora iliyosahauliwa.
Kila tarehe mosi unateremsha kamba,
unasikiliza, unaandika.
Hakuna mgeni anayeipiga picha kazi hii.
Sentimita thelathini na nane chini.
Thelathini na nane.
Thelathini na saba na nusu,
na ile nusu Heldur alinikataza kuiandika
mpaka ijithibitishe.

Alistaafu Machi, theluji ingali magotini.
Ofisi ilimpa saa ya ukutani.
Mimi aliniachia buti zake. Zinanipwaya,
nazivaa na soksi mbili.

Leo ni tarehe mosi Juni.
Korongo wawili wametua pale
ambapo zamani mashine ililazwa usiku.
Nimeteremsha kamba mara tatu,
maana mara mbili sikuamini.
Nikampigia simu.
"Ishirini na tisa," nikasema.

Kimya. Nilisikia saa ya ukutani.
Kisha akauliza kama ule ubao wa tatu
kutoka langoni bado unalia ukikanyagwa.
Unalia, nikamwambia.
"Utie msumari," akasema, na sauti ikamkwama,
"kabla watoto hawajaja."